Ulezi wa Mtu Mzima: Jaji Ameshasaini, Sasa Karatasi Ndiyo Zinaanza



Leo katika ukurasa wetu wa afya hatuzungumzii presha wala kisukari. Tunazungumzia karatasi. Usicheke, maana karatasi moja iliyopitwa na tarehe inaweza kumzuia mgonjwa wako kutibiwa huku wewe umesimama pale pale mapokezi.

Dada mmoja wa hapa Houston ana kijana wake mwenye ulemavu wa akili tangu kuzaliwa. Kijana alipotimiza miaka 18, sheria ikaanza kumhesabu kuwa mtu mzima, na mama hakuwa tena na haki ya kumsainia hospitali kwa sababu tu ni mama yake. Akaenda mahakamani, akapewa ulezi wa kisheria. Siku ile tulipika pilau kwa furaha.

Mwaka uliofuata kijana alitakiwa kung'olewa meno kwa nusukaputi. Mama ameomba ruhusa kazini, kijana hajala tangu usiku, wamefika alfajiri. Dada wa mapokezi akaitazama hati ya ulezi, akaigeuza, akasema, "Mama, hii imekwisha muda wake." Kwa kuwa haikuwa dharura, wakarudishwa nyumbani, na kijana akaendelea kuumwa meno kwa wiki kadhaa zaidi.

Yule mama hakuwa na kosa lolote la malezi. Kijana wake anakula vizuri, ni msafi, anapendwa. Kosa lake lilikuwa moja: hakupeleka ripoti ya mwaka mahakamani. Alidhani, kama wengi wetu tunavyodhani, kwamba jaji akishasaini mambo yamekwisha.

KWA NINI MAHAKAMA INATUFUATILIA?

Kwetu sisi mtoto wa dada yangu ni mtoto wangu, na mzee akizeeka anahamia kwa mwanawe. Haiandikwi popote. Kwa hiyo wengine hukasirika: "Huyu ni baba yangu mzazi, kwa nini niwaeleze hawa wazungu nimemlisha nini?"

Itazame hivi. Mahakama imemwondolea mtu mzima haki zake, kwa mfano kuamua atakaa wapi, atibiwe nini, fedha zake zitumikeje, na ikakukabidhi wewe. Wapo walezi waliowatelekeza wagonjwa na kula mali zao. Jaji hawezi kujua wewe ni yupi mpaka umwandikie. Ripoti yako ndiyo macho yake.

Nitaeleza utaratibu wa jimbo la Texas, ambao ndio ninaoufahamu vizuri. Kila jimbo la Marekani lina sheria yake, kwa hiyo kama uko kwingine chukua mwongozo, lakini tarehe ukaulize kwa karani wa mahakama yako.

KWANZA, JUA UMEPEWA ULEZI GANI

Soma tena amri ya jaji, taratibu. Kuna ulezi wa mtu mwenyewe, yaani matibabu, makazi, chakula na usalama wake. Kuna ulezi wa mali, yaani fedha, nyumba na madeni yake. Unaweza kupewa mmoja au yote miwili. Pia jaji anaweza kukupa sehemu tu ya madaraka na kumwachia mwenyewe mengine. Usifanye jambo ambalo amri haikukupa.

SIKU ZA MWANZO

Tangu tarehe 1 Juni 2018, mtu anayeomba ulezi Texas hujiandikisha, husoma mafunzo kwa njia ya intaneti na hukaguliwa rekodi ya makosa ya jinai kabla ya kuteuliwa. Hiyo umeshapita. Baada ya jaji kusaini una kazi hizi:

1. Kiapo na dhamana. Una siku 20 tangu amri itolewe kula kiapo na kuweka dhamana ambayo jaji ameipanga. Dhamana ni kinga ya yule unayemlea: ukiharibu mali yake, kuna pa kulipia. Watu wengi hununua dhamana kwa kampuni ya bima na kuilipia kila mwaka. Kabla ya kiapo na dhamana bado hujawa mlezi, hata kama jaji alikupa mkono.

2. Hati ya ulezi. Karani wa kaunti ndiye anayeitoa. Hii ndiyo karatasi ya kuonyesha hospitali, benki, shuleni na kwenye nyumba ya wazee. Chukua nakala kadhaa zilizothibitishwa, maana kila ofisi itataka yake.

3. Kama unashika mali, ndani ya mwezi mmoja unatakiwa kutangaza gazetini ili wanaomdai wajitokeze, na ndani ya siku 30 kupeleka orodha ya mali yake yote na thamani yake. Unatakiwa pia kuomba jaji aidhinishe kiasi cha kutumia kila mwezi. Kama ana kiwanja au akaunti huko nyumbani Afrika, usikae kimya. Mwambie wakili wako mapema.

Kwa ulezi wa mali utahitaji wakili. Lakini ripoti ya mwaka ya ulezi wa mtu mwenyewe unaruhusiwa kuijaza na kuipeleka wewe mwenyewe bila wakili. Fomu omba kwa karani au itafute kwenye tovuti ya mahakama yako.

HESABU YA TAREHE

Hapa ndipo wengi wanapokwama, basi chukua kalamu. Hati ya ulezi ya Texas inaishi mwaka mmoja na siku 120, kisha inakufa kama haikuhuishwa. Na karani haruhusiwi kuihuisha mpaka mahakama iwe imepokea na kuidhinisha ripoti yako ya mwaka. Ripoti inatakiwa ndani ya siku 60 baada ya mwaka wako wa ulezi kutimia.

Tuseme ulikamilisha kiapo na dhamana na ukapewa hati tarehe 10 Machi 2025. Mwaka unatimia tarehe 10 Machi 2026. Ripoti iwe imefika kufikia tarehe 9 Mei 2026. Hati inakwisha tarehe 8 Julai 2026. Katikati hapo jaji anahitaji muda wa kuisoma ripoti na kuipitisha. Ukiipeleka Juni mwishoni, hati inaweza kukufia mkononi kama ilivyomfia yule dada.

Kwa hiyo usingoje siku ya mwisho. Anza kuandika wiki ile ile mwaka unapotimia. Andika tarehe hizo tatu kwenye kalenda ya ukutani jikoni na kwenye simu. Ripoti ikishapitishwa, usikae ukisubiri hati mpya iletwe na tarishi. Nenda au andika kwa karani, uombe hati mpya na ulipe ada yake.

RIPOTI YA MWAKA WANAULIZA NINI?

Si mtihani mgumu. Wanataka kujua:

- Anaishi wapi, ni nyumba ya aina gani, yuko hapo tangu lini, na kama amehama ni kwa nini.
- Mara ya mwisho ulimwona lini, na kwa mwaka mzima ulimwona mara ngapi.
- Afya yake ya mwili na ya akili: imekuwa nzuri zaidi, imeshuka, au ni vile vile.
- Ametibiwa na nani: daktari, daktari wa meno, daktari wa akili, mtu wa ustawi wa jamii.
- Anafanya nini siku zake: shule, kazi, michezo, ibada, kutembelewa na watu.
- Kama unaona ameridhika na anapokaa, na kama kuna hitaji ambalo halijatimizwa.
- Kama madaraka yako yaongezwe, yapunguzwe au yabaki yalivyo.
- Kama dhamana imelipiwa kwa kipindi kinachofuata.

Ushauri wangu: nunua daftari moja la kawaida, liite daftari la baba au la kijana. Kila anapokwenda kwa daktari andika tarehe, jina la daktari, alichosema na dawa iliyobadilishwa. Kila siku uliyomtembelea andika mstari mmoja. Mwisho wa mwaka ripoti imeshajiandika yenyewe. Na daftari hilo hilo litamsaidia daktari mpya kuliko maneno yako ya haraka haraka.

Tafadhali andika ukweli. Usiandike "hali ni nzuri" kila mahali kwa kuogopa kuonekana mlezi mbaya. Kama amepungua kilo, sema. Kama nyumba ya wazee haimgeuzi na ana kidonda mgongoni, sema, na usingoje ripoti kulisema hilo. Unaposaini unathibitisha mbele ya sheria kwamba ni kweli. Na kama amepata nafuu, sema pia! Kila mwaka mahakama huangalia kama ulezi bado unahitajika, na mwenyewe anaweza hata kumwandikia jaji barua ya kawaida kuomba haki zake zirudishwe. Mlezi mwema hamfungii mtu milele.

KAMA UNASHIKA NA FEDHA

Hapo unadaiwa pia hesabu za mwaka: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, pamoja na risiti na taarifa za benki. Fungua akaunti yake peke yake. Usichanganye na yako hata kwa siku mbili, hata kama unarudisha.

Niseme jambo ambalo tunaoneana haya kulisema. Msiba umetokea Tanga au Mombasa, ndugu wanachanga, na mzee ana fedha benki. Unasema, angekuwa na akili zake angetoa. Huenda ni kweli. Lakini fedha hizo sasa ziko chini ya mahakama, na huruhusiwi kuzitoa zawadi wala rambirambi bila kibali. Toa mfukoni mwako, au mwombe wakili apeleke ombi. Watu wazuri wameondolewa kwenye ulezi kwa sababu ya huruma isiyo na kibali.

Jambo lingine: hati ya ulezi haikufanyi mpokeaji wa fedha zake za Social Security. Wao wana utaratibu wao wa kumteua anayepokea kwa niaba ya mwingine, na wanaweza kukudai ripoti yao. Ripoti ya mahakama haifuti ile, na ile haifuti hii.

MAMBO YA KUULIZA KABLA HUJAFANYA

Kumhamishia mahali penye kumbana zaidi, kwa mfano kutoka nyumbani kwenda kwenye nyumba ya wazee: isipokuwa kwa dharura, mahakama ijulishwe kwanza.

Kumlaza hospitali ya magonjwa ya akili: Texas mlezi hawezi kumlaza kwa saini yake tu kana kwamba mgonjwa ameomba mwenyewe. Kuna njia yake ya kisheria. Lakini kama maisha yako hatarini piga 911, karatasi zitafuata.

Kuhamia jimbo jingine, au kumrudisha nyumbani Afrika: ongea na wakili kabla ya kukata tiketi. Hati ya Texas si amri ya mahakama ya Tanzania wala Kenya. Huko unaweza kutakiwa kuanza upya, na huku bado unadaiwa ripoti.

Wewe ukihama au ukibadili simu, iandikie mahakama. Barua nyingi za onyo hupotea kwa sababu zimetumwa kwenye anwani ya zamani. Na Mungu akimchukua unayemlea, ulezi unakwisha, lakini una taarifa ya mwisho ya kupeleka ili jalada lifungwe.

KAMA UMESHACHELEWA

Usijifiche. Wengi wetu tukiona bahasha ya mahakama tunaiweka juu ya friji, tukiogopa na mambo ya uhamiaji. Kukaa kimya ndiko kunakoleta kuitwa mbele ya jaji, faini, na hata kuondolewa ulezi akapewa mtu baki. Piga simu kwa karani leo. Sema, "Nimechelewa, nataka kupeleka ripoti." Karani hatakupa ushauri wa sheria, lakini atakuambia fomu gani na ipelekwe vipi. Kama Kiingereza kinakupa shida, nenda na mtu unayemwamini, au ulizia ofisi za msaada wa sheria za eneo lako.

WALIO NJE YA MAREKANI

Kwa ndugu zetu wa Uingereza na Wales, anayepewa madaraka haya na mahakama iitwayo Court of Protection huwa chini ya ofisi ya Office of the Public Guardian, naye huandika ripoti ya mwaka. Majina ni mengine, somo ni lile lile.

Yule dada alipeleka ripoti yake, jaji akaipitisha, kijana akang'olewa meno yake. Sasa hati mpya iko kwenye mfuko wa plastiki ndani ya mkoba wake, na tarehe ya kuisha ameiandika kwa kalamu nyekundu kwenye mlango wa friji.

Wewe yako inakwisha lini? Kabla hujalala leo, itoe kabatini uiangalie.

Angalizo: makala hii ni ya kuelimisha tu, haichukui nafasi ya wakili wako.