Makazi ya wazee waliopigana vita: tujenge kwa zaka au kwa wakfu?

Alhamdulillahi Rabbil-'Aalamin. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Masahaba zake.

Ndugu Waislamu, familia nyingi za Unguja na Pemba zina jamaa Ujiji. Njia ya misafara iliyotoka pwani ikapita Tabora ilikomea huko, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Ilipitisha pembe na, kwa masikitiko, watumwa. Na kwa njia hiyo hiyo Uislamu ukafika ziwani. Jambo la wazee wa Kigoma, kwa hivyo, si jambo la watu wa mbali.

Tunaowazungumzia hapa ni waliopigana Vita vya Kagera. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia ardhi yetu, na Aprili 1979 Kampala ilianguka. Pamoja na askari wa JWTZ, waliitwa mgambo kwa maelfu, na vita vilipokwisha wengi walirudi kwenye mashamba na mitumbwi yao. Kijana wa miaka 20 wa wakati ule leo anakaribia 70. Wapo wenye watoto wa kuwatunza, na wapo wasiokuwa na mtu. Kwa wasio na mtu Serikali ina makazi ya wazee sehemu mbalimbali, na kwa Kigoma yapo Kibirizi.

Tuseme waumini wa Ujiji na jamaa zao wa visiwani wanataka kuchanga, ili nyumba iliyochakaa wanamokaa wazee kama hao ipatiwe badala yake. Wachange kwa njia gani?

Je, zaka ijenge nyumba?

Allah (S.W.) ametaja wanaostahiki zaka katika Surat At-Tawba, aya ya 60, nao ni mafungu manane. Jumhuri ya wanavyuoni, pamoja na madhehebu ya Shafi, wanataka fakiri na maskini wamilikishwe zaka yao mkononi. Matofali na mabati hayamilikiwi na fakiri.

Wengine husema: hawa walikuwa wapiganaji, basi waingie katika fungu la fi sabilillah. Jumhuri imelifasiri fungu hilo kuwa ni la wanaotoka kupigana jihadi, si la mtu aliyewahi kuwa askari. Wapo wanavyuoni wa zama hizi waliolipanua, lakini katika ibada ya fardhi tahadhari ni bora. Mzee wa Kiislamu aliye fakiri apewe zaka kwa ufakiri wake, anunue dawa yake mwenyewe.

Mlango wake ni wakfu

Sayyidna Umar (R.A.) alipopata ardhi Khaybar alimtaka ushauri Mtume (S.A.W.), akaelekezwa aizuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Ikawa haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi, na msimamizi wake akaruhusiwa kula kwa wema.

Faida nyingine ni kuwa makazi hayo yatachukua wazee wa dini zote, kwani walipigana bega kwa bega. Zaka kwa jumhuri hapewi asiyekuwa Muislamu. Sadaka na wakfu wa kumsaidia vinajuzu. Abu Yusuf katika Kitabul Kharaj amepokea kuwa Umar alimwona mzee wa Kiyahudi akiomba, akaamuru apewe kutoka Baitul Mali.

Hesabu kabla ya msingi

Hapa ndipo tunapokosea. Tunachanga kwa jazba, tunapiga picha siku ya jiwe la msingi, kisha mwaka wa pili mzee anakosa sabuni. Tufanye hesabu ya mfano. Wazee 20, kila mmoja shilingi 8,000 kwa siku za chakula, dawa na usafi: ni 4,800,000 kwa mwezi. Walezi wanne kwa 300,000 kila mmoja: 1,200,000. Jumla ni milioni 6 kila mwezi, milioni 72 kwa mwaka, bila ya ukarabati.

Nusu yake inaweza kutoka kwenye milango 30 ya maduka ya wakfu inayokodishwa kwa 100,000 kwa mwezi. Nusu ya pili ni familia 300 zinazotoa 10,000 kila mwezi. Basi yajengwe maduka kwanza, au pamoja na nyumba. Sehemu ya kodi iwekwe kando kwa ukarabati, maana wakfu usiokarabatiwa hufa.

Kiwanja nacho kiangaliwe. Miaka ya karibuni maji ya Ziwa Tanganyika yamepanda na kuingia kwenye makazi ya ufukweni. Nyumba ya watu wasioweza kukimbia iwe juu, karibu na hospitali na msikiti.

Nyumba ya zamani isibomolewe kabla wazee hawajahamia mpya. Ikiwa nayo ni wakfu, isiuzwe kiholela: Mashafi wanakaza sana katika kuuza wakfu, na Mahanbali wanaruhusu kubadilisha pale manufaa yake yanapokatika. Waulizwe wanavyuoni kwanza. Wadhamini wasajiliwe RITA kwa bara. Kwa mali iliyoko visiwani, waende Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Mwisho, makazi hayamwondolei mtoto wajibu. Surat Al-Israa, aya ya 23, inawataja wazazi wakifikia uzee wakiwa kwako, si kwa jirani. Mwenye uwezo amchukue mzee wake nyumbani, nafasi ibaki kwa asiye na mtu.

Wallahu A'lam.