Anayeamshwa na Wasiwasi

Ofisi nyingi za Nakuru zina mfanyakazi anayefika mapema kuliko bosi. Wenzake humsifu kwa bidii. Wasichokiona ni usiku aliokesha akiogopa kuchelewa, maana anajijua: akijiachilia kidogo tu, mkutano wa saa tatu ataukumbuka saa tano. Ameandika orodha ya kazi za leo mara tatu na zote zimepotea. Namba ya M-Pesa huisoma na kuirudia, na bado jioni utamsikia akimbembeleza mtu asiyemjua amrudishie pesa.

Ana matatizo mawili kwa pamoja: upungufu wa umakini, yaani ADHD, na ugonjwa wa wasiwasi. Si ajabu. Utafiti wa Ronald Kessler na wenzake nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2006, ulikuta ADHD kwa asilimia 4.4 ya watu wazima, na karibu nusu ya hao walikuwa pia na ugonjwa wa wasiwasi.

Ugumu ni kwamba haya mawili hufichana. Kusahau huzaa aibu, aibu huzaa hofu, na baada ya miaka hofu ndiyo inayomfanya alipe kodi ya nyumba kwa wakati. Daktari akiitibu hofu peke yake, mgonjwa analala vizuri, kisha anaanza kukosa miadi. Wapo wanaoacha dawa kwa sababu hiyo, na mimi siwaiti wakaidi.

Bonde la Ufa lina fundo lake la ziada. Mkazi wa Kaptembwo au Naivasha anayeshtuka kila mlango ukigongwa ataulizwa, na ni haki aulizwe, alikuwa wapi Januari 2008. Ghasia za baada ya uchaguzi za wakati huo ziliacha watu wengi na hofu yenye sababu, na aliyeumizwa hivyo naye hushindwa kutuliza mawazo. Kinachosaidia kutofautisha ni utoto. Mwongozo wa uchunguzi unaoitwa DSM-5, uliotoka mwaka 2013, unataka dalili za ADHD ziwe zimeonekana kabla ya umri wa miaka 12. Basi daktari huuliza ripoti za shule. Aliyechomewa nyumba atazitoa wapi?

Hata ripoti zilizosalia hazisemi mengi. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, kwa hiyo mtu wa miaka arobaini leo alisoma wakati ambapo kuchapwa kulikuwa jibu la kila kosa. Mvulana mtukutu aliandikiwa kwamba ni mvivu. Msichana aliyekaa kimya akitazama dirishani hakuandikiwa chochote.

Kwenye dawa ndipo upande mmoja unaposahaulika kabisa. Methylphenidate, dawa ya ADHD iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1944, iliombewa nafasi kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na mwaka 2019 na tena 2021 ombi likakataliwa. Fluoxetine, inayotumika pia kutuliza wasiwasi, imo. Nchi nyingi huitazama orodha hiyo zinapopanga dawa za hospitali za umma. Nchini Kenya, jopo la afya ya akili lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 magonjwa ya akili yatangazwe janga la kitaifa, lakini mjadala uliofuata umejaa sonona na pombe. Mtu mzima anayepoteza funguo hajawa janga la yeyote.

Anayekwenda kumwona daktari, iwe katika hospitali ya rufaa ya Nakuru, ambayo wengi bado wanaiita PGH, au kwingineko, aende na mama, shangazi au kaka aliyemjua akiwa mdogo. Aeleze usingizi unaopotea na pia miadi inayopotea, hata kama kilichompeleka ni wasiwasi tu. Na aseme kama moyo humwenda mbio: dawa za kuamsha umakini huweza kupandisha mapigo na shinikizo la damu, na kwa wengine huongeza hofu, hivyo daktari atapima kwanza ndipo aamue aanze na upande upi.