Isimu-neva: Jinsi sinapsi na vipokezi vinavyotuwezesha kunena

UNAPOTAMKA neno ‘baba’, midomo hukutana na kuachana mara mbili, kufumba na kufumbua. Wanafonetiki wametufunza kuwa /b/ ni kipasuo ghuna cha midomoni. Sawa. Lakini je, ni nini huiamuru midomo ikutane? Swali hili linatuingiza katika isimu-neva, taaluma inayochunguza uhusiano kati ya lugha na ubongo.

Amri hiyo huanzia ubongoni na kusafiri ndani ya seli ya neva kwa njia ya umeme. Ikifika mwisho wa seli hukumba kizuizi, maana kwa kawaida seli moja na nyingine hazigusani. Ubongoni, baina yao mna mwanya wa takriban nanomita 20 hadi 40. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Makutano hayo ndiyo Mwingereza Charles Sherrington aliyoyaita sinapsi mnamo 1897.

Basi ujumbe huvukaje? Mnamo 1921, Otto Loewi, akiwa Austria, alichukua mioyo miwili ya vyura. Alisisimua neva ya moyo wa kwanza, nao ukapunguza mapigo. Kisha akachota umajimaji wake na kuumwagia moyo wa pili. Huo pia ukapunguza mapigo, ilhali neva yake haikuguswa! Ikabainika kuwa ujumbe huvushwa kwa kemikali, ambayo leo twaijua kama asetilikolini. Loewi na Henry Dale walituzwa Nobel mnamo 1936.

Ng’ambo ya mwanya, kemikali hunaswa na vipokezi, yaani protini zilizo kwenye utando wa seli ya pili. Ajabu ni kwamba asetilikolini hutuliza moyo lakini hukaza misuli ya midomo. Inakuwaje? Mwanafunzi wa semantiki hatashangaa. ‘Kaa’ laweza kuwa mnyama wa baharini, kaa la moto au kitendo cha kuketi. Muktadha huamua maana. Vivyo hivyo, aina ya kipokezi huamua maana ya kemikali. Kazi ikiisha, kimeng’enya huivunja asetilikolini mara moja, ili amri ya sauti moja isiingiliane na ya inayofuata.

Mambo huenda mrama vipokezi vinaposhambuliwa. Katika ugonjwa wa miastenia gravisi, kinga ya mwili wa mgonjwa mara nyingi huviharibu vipokezi vya asetilikolini kwenye misuli. Mgonjwa aweza kuanza kusoma kwa matamshi safi, lakini kadiri anavyoendelea sauti hupitia puani na maneno huburutika. Akipumzika kidogo, hupata nafuu.

Mnamo 1934, daktari Mary Walker wa London alionyesha kuwa fisostigmini, dawa itokanayo na maharagwe ya Calabar ya Afrika Magharibi, humrejeshea mgonjwa nguvu kwa muda. Dawa hiyo huzuia kile kimeng’enya, hivyo asetilikolini hudumu zaidi kwenye mwanya na kuvifikia vipokezi vichache vilivyosalia.

Kwa hivyo mwalimu, usikimbilie kumwita mvivu mwanafunzi ambaye ulimi humwia mzito kadiri anavyosoma. Naye mtu mzima anayeburuta maneno jioni asidhaniwe tu kuwa kalewa. Huenda tatizo liko kwenye sinapsi, na anayefaa kumsikiliza ni daktari.