Namba Iliyogawanyika Kabla ya Kuonekana Vigawo Vyake

Zidisha 2 sitini na saba zote kwa pamoja, kisha toa 1. Utapata 147,573,952,589,676,412,927, namba ya tarakimu 21. Usijaribu kuitamka.

Mwaka 1644 Marin Mersenne, mtawa wa Kifaransa aliyeandikiana barua na wanahisabati wengi wa Ulaya, aliiweka namba hii, 2⁶⁷ – 1, katika orodha yake ya namba tasa, yaani zisizogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Miaka zaidi ya 200 ilipita bila mtu kumsahihisha, na si ajabu.

Ijaribu mwenyewe. Si shufwa, basi 2 haimo. Jumla ya tarakimu zake ni 109, ambayo haigawanyiki kwa 3, basi 3 nayo haimo. Haiishii na 0 wala 5. Baada ya hapo mbinu za darasani zinaanza kukuishia. Ipo kanuni inayopunguza kazi: kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawanya kwa 134 (mara mbili ya 67), lazima kibakize 1. Kwa hiyo unapima 135, 269, 403 na kuendelea. Kigawo cha kwanza kimejificha hatua ya 1,445,580. Mpimaji wa namba moja kwa dakika, usiku na mchana, angekifikia baada ya siku kama 1,000.

Mwaka 1876 Édouard Lucas, Mfaransa mwingine, alipita mlango wa nyuma: hakutafuta kigawo kabisa. Mtihani wake, kwa sura aliyoinyoosha Derrick Lehmer baadaye, ni huu. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba unayoipima, chukua baki tu, kisha rudia. Tuipime 31, ambayo ni 2⁵ – 1. 4 inazaa 14. 14 inazaa 194, ambayo kwa 31 inabakiza 8. 8 inazaa 62, na 62 kwa 31 haibakizi kitu. Hatua ni 3, mbili pungufu ya kipeo, na mwisho ni sifuri: 31 ni tasa. Kwa 2⁶⁷ – 1 hatua ni 65, na sifuri haitokei. Basi si tasa. Vigawo vyake ni vipi? Mtihani haujibu. Hapa wanafunzi hugoma, na nawaelewa: utajuaje kwamba kitu kina vipande bila kuona hata kimoja?

Vipande vililetwa na Frank Nelson Cole, Oktoba 1903, katika mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani huko New York. Mwanahisabati Eric Temple Bell alisimulia kwamba Cole alikwenda ubaoni, akapiga hesabu bila kusema neno, akarudi kuketi huku watu wakimpigia makofi. Bell alipenda kutia chumvi, lakini hesabu yenyewe haina chumvi: 2⁶⁷ – 1 = 193,707,721 × 761,838,257,287.

Ikague kwa tisa. Tarakimu za kigawo cha kwanza zinajumlika 37, toa tisa tisa inabaki 1. Za kigawo cha pili 64, inabaki 1. Za jibu ni 109, nazo zinabakiza 1, sawa na 1 × 1. Huo si uthibitisho kamili, ila hesabu mbovu nyingi hunaswa hapo hapo.

Kompyuta ya leo huvipata vigawo hivyo kufumba na kufumbua. Lakini ipe 2¹²⁷⁷ – 1, yenye tarakimu 385. Inajulikana kwa uhakika kwamba si tasa, imesakwa kwa miaka mingi, na hadi naandika haya hakuna kigawo chake hata kimoja, ukiacha 1 na yenyewe, kilichopatikana.