Siku Thelathini za Kuchora Hesabu

Ndugu wanachama,

Wengi wenu mliniuliza mwezi wa Aprili uliopita kwa nini taa ya ofisi yetu ilikuwa ikiwaka mpaka baada ya isha, hali masika yamefunga njia na hakuna karafuu ya kupokea. Leo naona ni wajibu wangu kueleza, maana katika kazi ile nilijifunza jambo moja kubwa, na kabla ya kujifunza nilikaribia kuwadhulumu wenzetu wa tawi moja.

Iko desturi ya wapenda hesabu, iliyoanzishwa mwaka 2021 na mabwana wawili, Cédric Scherer na Dominic Royé. Kila Aprili, kwa siku 30, kila apendaye huchora picha moja ya hesabu kwa siku, akifuata neno lililotolewa kwa siku ile, kisha huwaonyesha wenziwe katika mtandao. Siku hizo hugawiwa mafungu matano ya siku sita sita: kulinganisha, mtawanyiko, mahusiano, mwendo wa nyakati, na mwisho mashaka. Hakuna ada wala zawadi. Mwenye kompyuta hutumia kompyuta. Mimi nilitumia penseli, rula na karatasi ya mirabaa, nikapiga picha kwa simu.

Aliyenivuta katika jambo hili ni rafiki yangu niliyesoma naye sekondari, ambaye sasa anafundisha Nyamahanga, katika Mkoa wa Kagera. Jina hilo la Nyamahanga hutajwa upande wa Ngara na hutajwa upande wa Biharamulo, nazo ni wilaya mbili zinazopakana. Rafiki yangu husema kwamba mtu wa kwao hujifunza mapema kuuliza "Ipi?" kabla hajaandika tarakimu yoyote.

Huenda mtu akasema huu ni mchezo wa watoto. Sivyo. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu wengi katika mtaa mmoja wa London. Dakta John Snow alipita nyumba kwa nyumba akiuliza waliokufa walikuwa wakichota maji wapi. Aliwashauri wakubwa wa mtaa waondoe mkono wa pampu ya Broad Street, wakauondoa. Baadaye alichora ramani, akatia alama kwa kila aliyekufa, na kila aliyeitazama aliona jinsi alama zilivyoizunguka pampu ile. Angalieni mpango wake: kwanza aliuliza, kisha akachora. Mimi nilianza kwa kuchora.

Siku za kulinganisha zilinipitia vyema. Nilichora Unguja na Pemba, habari ya tufani ya mwaka 1872 iliyong'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, hali ya Pemba ilisalimika kwa wingi, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo nyumba ya karafuu. Mchoro wangu ulionyesha mstari wa Unguja ukianguka kama jiwe. Anguko lile lilikuwa la kweli, na sababu yake kila mtu aijua. Nadhani hilo ndilo lililonipoteza, kwa sababu niliingia katika fungu la mwendo wa nyakati nikiamini kwamba kila mstari unaoshuka umeangushwa na msiba au na mtu.

Katika fungu hilo nilipeleka mkononi kazi ya Chama chetu. Nilitoa madaftari ya misimu iliyopita, nikachora mstari mmoja kwa kila tawi, nikikusudia kuubandika mchoro ukutani siku ya mkutano mkuu. Mistari yote ilipanda na kushuka pamoja, kama ilivyo tabia ya mkarafuu, ambao ukizaa sana msimu mmoja hutaka kupumzika. Illa mstari wa tawi moja ulishuka karibu nusu kwa msimu mmoja, wala haukurudi tena. Nikachukua penseli nyekundu nikaukoleza.

Nanyi mnajua neno ambalo lingesemwa mkutanoni. Lingesemwa neno magendo. Likishatamkwa mbele ya watu, halifutiki kwa kifutio, na mtoto wa mtu aweza kulirithi.

Usiku ule ule rafiki yangu alinitumia mchoro wake. Alichukua sensa ya wilaya yake ya Biharamulo. Mwaka 2002 walihesabiwa watu 410,794. Mwaka 2012 walihesabiwa 323,486. Mstari ulishuka kama wangu. Nikampigia simu.

"Mwalimu, kulikuwa na maradhi huko? Watu wamehama?"

Akacheka. "Bwana Katibu, watu hawakwenda popote. Mpaka ndio uliokwenda."

Akanieleza kuwa katikati ya sensa hizo mbili Wilaya ya Chato ilimegwa kutoka Biharamulo, na mwaka 2012 ikatiwa katika Mkoa mpya wa Geita. Watu walilala na kuamka katika vijiji vyao vile vile, lakini waliandikwa katika daftari jingine. Yeye alichora mstari ule kwa makusudi, awaonyeshe wanafunzi wake namna tarakimu za kweli ziwezavyo kusema uongo.

Sikulala vizuri. Asubuhi nilipanda baiskeli, matope na yote, nikaenda kwenye tawi lile. Mzee anayeweka daftari alinifungulia kurasa bila ya kuuliza nimefuata nini. Msimu ule ulioshuka ndio msimu uliofunguliwa kituo kipya cha kupokelea, karibu zaidi na vijiji viwili vya tawi lake. Wakulima wa vijiji hivyo walichoka kubeba magunia mwendo mrefu, wakaanza kupeleka huko, na karafuu yao ikaandikwa katika daftari la tawi jipya. Mimi nililiona tawi hilo jipya katika mchoro wangu, nikalisifu moyoni kwa bidii yake!

Nilijumlisha madaftari mawili pamoja. Mstari ukarudi mahali pake, ukipanda na kushuka pamoja na wenziwe. Nilimwambia yule mzee kweli yote, hata ile penseli nyekundu, nikamwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu Katibu, karafuu haipimwi na makonyo yake. Ichambue kwanza."

Fungu la mwisho, la mashaka, nililifanya kwa unyenyekevu zaidi. Nilipotaka kuchora mavuno ya msimu ujao sikupiga mstari mmoja mwembamba kana kwamba najua mambo ya ghaibu. Nilipiga mkanda mpana, wenye kima cha chini na kima cha juu, maana mvua ikinyesha wakati wa kuanika hubadili kila kitu. Mchoro huo si mzuri wa kutazama, lakini ndio nitakaoubandika ukutani.

Basi naleta maombi matatu kwa wanachama na makarani wa matawi.

Kwanza, kila karafuu inapopokelewa iandikwe tarehe, uzito, kituo, na kijiji inakotoka. Kijiji hakihami, lakini kituo huhama.

Pili, jambo lolote likibadilika, kama kituo kufunguliwa au kufungwa, mizani kubadilishwa, au mvua kuharibu karafuu iliyoanikwa, liandikwe pembeni mwa ukurasa siku ile ile. Mstari mmoja wa maneno watosha.

Tatu, mchoro wowote wa tawi usionyeshwe mkutanoni mpaka wenye tawi wameuona na kuulizwa. Sharti hili linanihusu mimi kabla ya mtu mwingine yeyote.

Aprili ijayo, inshallah, nitachora tena. Atakayependa aje ofisini baada ya alasiri na penseli yake. Karatasi za mirabaa nitatoa mimi. Kijana aliyemaliza darasa la saba aweza kazi hii, na mzee asiyejua kuchora ana faida zaidi, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye kwa nini mstari ulishuka.

Wassalaam,
Katibu wenu