Tashihisi ya Malenga na Tashihisi ya Tabibu

Mwanafunzi wa Kiswahili katika shule ya sekondari hufundishwa kwamba tashihisi ni tamathali ya usemi inayokipa kitu kisicho na uhai, au kiumbe asiye binadamu, sifa na matendo ya mtu. Upepo hunong'ona, njaa hubisha hodi, mauti hunyemelea. Lakini mtu aingiaye katika hospitali ya Muscat au Cairo atalikuta neno hilo hilo, kwa matamshi yake ya Kiarabu, tashkhis, katika hati ya daktari. Huko daktari hatungi shairi. Anaandika jina la ugonjwa alioutambua baada ya kumpima mgonjwa.

Si ajabu basi kwamba maana hizo mbili huwachanganya wasomao lugha zote mbili. Asili yake ni moja, nayo ni shakhsi, yaani mtu au nafsi. Malenga hukipa kitu nafsi isiyokuwa yake, kikatenda kama mtu. Tabibu naye huutenga ugonjwa mmoja na magonjwa mengine yanayofanana nao, ukajulikana wenyewe, kama vile mtu anavyojulikana kwa sura yake katikati ya umati. Kiswahili kilichukua maana ya malenga. Kwa maana ya tabibu kina maneno mengine: utambuzi wa ugonjwa, au uaguzi, ambalo ni neno la mpiga ramli pia.

Tofauti hii ingebaki kuwa shughuli ya walimu lau isingeingia majumbani. Kila siku watu husema kwamba homa imemshika mtoto, au malaria imemwangusha baba. Hiyo ni tashihisi, na haina madhara, maana hakuna aaminiye kwamba homa ina mikono. Madhara huanza pale usemi unapogeuka kuwa imani, na yule aliyepewa nafsi katika maneno akatafutwa kana kwamba yupo.

Mfano mkubwa ni degedege. Katika pwani ya Tanzania wako walioamini tangu zamani kwamba degedege huletwa na pepo mwenye umbo la ndege, apitaye juu ya mtoto. Kwa imani hiyo mtoto mwenye mtukutiko hupelekwa kwanza kwa mganga ili pepo afukuzwe. Wapo pia waliokataa mtoto asidungwe sindano, wakidhani kwamba sindano humwua mwenye degedege. Kumbe mtukutiko ni dalili. Huweza kutokana na homa kali ya kawaida, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, au upungufu wa sukari katika damu. Magonjwa hayo hayatibiwi kwa dawa moja, na mengine huua kwa muda wa saa chache.

Kuhusu sindano, ushahidi upo. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, zikiwamo Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo. Waliodungwa kwinini walikufa 10.9 katika kila mia. Waliodungwa artesuneti walikufa 8.5. Kwa hiyo sindano iliyo sahihi, itolewayo mapema, huokoa maisha ya watoto.

Lisidhaniwe kuwa kosa hili ni la watu wa pwani peke yao. Jina lenyewe la malaria limetoka katika Kiitaliano, na maana yake ni hewa mbaya. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya waliushitaki mvuke wa vinamasi. Aliyeanza kuuweka ukweli wazi alikuwa daktari wa jeshi. Mwaka 1880 huko Constantine, nchini Algeria, Alphonse Laveran wa jeshi la Ufaransa alitazama kwa hadubini damu ya askari mgonjwa, akaona vijidudu vilivyo hai. Mwaka 1897 Ronald Ross, daktari katika utumishi wa Uingereza nchini India, aliviona vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Hapo ndipo hewa ilipoachiliwa, na mhalifu wa kweli akajulikana.

Askari polisi hulielewa jambo hili kwa urahisi. Malalamiko yakifika kituoni, mshukiwa hahukumiwi kwa sababu tu jina lake limetajwa. Ushahidi hutafutwa kwanza. Vivyo hivyo homa ni malalamiko ya mwili, malaria ni mshukiwa, na kipimo cha damu ndicho ushahidi. Ndiyo maana mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila ashukiwaye kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Kipimo cha haraka huhitaji tone la damu la kidoleni, na jibu hupatikana kwa muda wa dakika 15 hadi 20 hivi. Anayemeza vidonge vya malaria kwa kukisia huenda anauacha ugonjwa mwingine uendelee kumla ndani kwa ndani.

Basi mama au baba ambaye mtoto wake amepatwa na degedege yampasa atulie. Mtoto alazwe kwa ubavu mahali pa tambarare, na nguo zinazombana zilegezwe. Asitiwe kijiko wala kidole kinywani, wala asinyweshwe chochote hali fahamu zimempotea. Saa itazamwe, ijulikane mtukutiko umedumu kwa muda gani. Kisha mtoto apelekwe zahanati au hospitali bila kuchelewa, hata kama mtukutiko umekwisha koma.

Wakifika mbele ya mganga wa zahanati, wazazi wasianze kwa kutamka jina la ugonjwa. Waeleze yale waliyoyaona kwa macho: homa ilianza lini, mtoto alitapika mara ngapi, ananyonya au amekataa, alitukutika mwili mzima au upande mmoja, na dawa gani amekwisha pewa nyumbani, zikiwamo za miti shamba. Maelezo hayo humsaidia tabibu kuliko jina lolote, kwa kuwa kuutaja ugonjwa ni kazi yake, baada ya kupima.