Jino la Mbele Halina Mdudu wa Kufukuza

Mgonjwa wa Karagwe au Kyerwa akiambiwa kwamba jino lake la mbele litatobolewa kwa nyuma ili mzizi usafishwe, swali huwa lile lile: mdudu atatokea hapo? Daktari wa meno aliyelijibu tangu asubuhi hana tena subira ya kutabasamu. Hakuna mdudu, si Kayanga, si Nkwenda, si Murongo mpakani.

Imani hii ni kongwe, tena imeizunguka dunia. Mwaka 1728 Mfaransa Pierre Fauchard alichapisha kitabu chake cha tiba ya meno, akaeleza kwamba aliyachunguza meno yaliyooza kwa hadubini asione mdudu yeyote. Karibu miaka 300 baadaye, bado kuna anayechoma mbegu za ndulele na kumwachamisha mgonjwa juu ya moshi.

Ulaya nako waganga walichoma mbegu za mmea wa jamii moja na ndulele, bakuli la maji likiwa pembeni. Baada ya muda vilionekana majini vijinyuzi vyeupe vilivyojikunja, na mganga akatamba: hao hapo! Vilikuwa vijimche vya mbegu zenyewe, vilivyochomoka joto lilipozipasua. Mbegu hizo zikichomwa hivyo pasipo mgonjwa, "wadudu" wataonekana vilevile.

"Lakini maumivu yaliisha!" Naam, yaliisha, na hapo ndipo wengi wanaponaswa. Ndani ya jino kuna kiini chenye neva na mishipa ya damu. Kijana akianguka na pikipiki akajigonga mdomo, au jino likioza hadi ndani, kiini huweza kuvimba, kikauma, kisha kikafa. Kikifa, maumivu hutulia hata kama mgonjwa hakugusa dawa yoyote. Moshi hupewa sifa ambazo si zake, huku bakteria wakiendelea kuzaliana ndani ya jino lililokufa na kupenya hadi kwenye ncha ya mzizi. Miezi au miaka baadaye jino ni la kijivu, na ufizi una jipu.

Kinachotolewa kupitia tundu ni mabaki ya kiini hicho kilichokufa. Jino la mbele la juu hutobolewa nyuma, katikati, juu kidogo ya kile kinundu kilicho karibu na ufizi, ili uso wa mbele ubaki mzima. Drili huanza ikiwa wima kwa uso huo wa nyuma, kisha hugeuzwa kufuata urefu wa mzizi; asiyeigeuza huweza kutoboa ukuta wa mbele. Kwenye jino la kukatia, tundu huwa la pembetatu, kitako kikielekea ncha ya jino, kwa sababu kiini huchanua pembe mbili huko. Chonge hutobolewa tundu la yai.

Wanaoomba "katundu kadogo tu" hawajisaidii. Mabaki yakisalia kwenye zile pembe, jino hugeuka rangi. Meno ya kukatia ya chini yanadai umakini zaidi: utafiti wa mwaka 1974 ulikuta mifereji miwili ya mzizi katika takriban asilimia 41 ya meno hayo, na wa pili hujificha upande wa ulimi.

Basi mgonjwa afanye nini? Jino lililovunjika lifunikwe mapema, kiini kikiwa hai. Kikifa, aulize kama kituo kinatibu mizizi au kinang'oa tu. Kama kinang'oa tu, aombe rufaa, Bukoba au Bugando, Mwanza. Jino la mbele likizibwa vizuri, na sehemu kubwa ikiwa imebaki, mara nyingi halihitaji kuvikwa kofia. Lisipookoka, ling'olewe, liwekwe la bandia. Jino la ukubwani likichomoka lote kwa ajali, lishikwe upande wa kutafunia, lirudishwe mahali pake au litumbukizwe kwenye maziwa, na mgonjwa afike kwa daktari ndani ya saa moja. Uvimbe ukipanda kuelekea jichoni au homa ikianza, aende hospitali siku hiyo hiyo.